Sio Kware, Mwanangu

Rhobi mwanangu,

Barua nyingi zinaanzaga na "natumaini u mzima". Mie sina haja ya kutumaini. Nimekuacha nyumbani Tandika asubuhi hii ukiwa mzima wa afya, umekalia begi ili zipu ifunge, na mama yako amesimama mlangoni anakusomea orodha: chandarua, dawa ya malaria, khanga mbili, usile vya stendi, ukifika piga simu. Hayo yote ya mama yako yashike, mie sina la kuongeza. Nakuandikia nikiwa karakana, hapa Keko. Vijana nimewaruhusu mapema. Maranda nimefagia mwenyewe, halafu nikakaa juu ya kitanda cha mteja ambacho bado hakijapigwa vanishi. Saa kumi inakaribia. Nina jambo la kukuambia, nimelibeba wiki tatu, limenichosha kuliko mbao.

Nalisema hapahapa juu usije ukalitafuta mpaka chini. Wale ndege niliokusimulia, ambao umewaandikia utafiti wako mzima, sio kware. Ni kwale. Kwa L. Soma tena taratibu, usikasirike kwanza. Kukasirika utakasirika tu, nafasi ipo.

Tofauti yao unaijua kuliko mie. Kware ni kale kandege kadogo kanakoenea kwenye ngumi, kanakohama na mvua, leo kako nchi hii kesho nchi ile. Hako ndiko unakotaka kukavisha pete mguuni mjue kanaelekea wapi. Kwale ni mkubwa, kama kuku wa kienyeji aliyekosa pumba, na hahami. Anaanguliwa bonde lile, anafia bonde lilelile. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda kwetu Mara, ukakae msimu mzima wa mvua kwa baba yako mkubwa Mwita, usubiri ndege wanaohama, mahali ambapo mie ndiye niliyesema wapo. Na mie kware sijawahi kumwona kule hata mmoja.

Ilivyoanza, sikukudanganya. Hilo naomba uniamini, ingawa mengine usiniamini. Ulimi wangu unaujua. Kule kwetu L hatukupewa, tulipewa R tu, tena za kumwaga. Miaka yote hii niko Dar na bado Shomari, fundi wa kushona makochi hapa jirani, kila mchana ananipigia kelele, "Fundi, leo umekura?" Mama yako, mtu wa Lindi, nilipomchumbia alicheka mpaka akakaa chini, kwa kuwa nilimwahidi kwamba tutarea watoto wetu vizuri. Na nyie watoto wenyewe mmekua mkinitafsiri. Ulikuwa na miaka sita ukamwambia mgeni, "Baba akisema kura, hataki kupiga kura, anataka ugali." Kuandika sijambo, herufi kwenye karatasi naziona. Ni ulimi tu.

Sasa siku ile ulipokuja hapa karakana na daftari lako ukaniuliza, "Baba, kwenu kulikuwa na kware?" mie nilisikia neno langu mwenyewe. Nikasema moyoni, afadhali leo mtoto anaongea kama kwetu. Nikakujibu, "Kware? Tere!" Hiyo "tere" ukaitafsiri kichwani kama kawaida yako. Kware hukuitafsiri, kwa sababu kware yupo.

Mpaka hapo ni kosa la ulimi, hata Mungu analicheka. Lililofuata ni la kwangu.

Uliniuliza mtama ukishavunwa wale ndege walikuwa wanaenda wapi. Ukweli ni kwamba sikujua kama walikuwa wanaenda. Baada ya mavuno tulikuwa hatuwasikii sana, basi, ndilo ninalolijua. Lakini ulikuwa umeinua kalamu unaniangalia. Nikasema wanaondoka wote kwa mara moja, unaamka asubuhi bonde kimya. Ukaandika. Nikaona umeandika, nikaongeza. Nikasema wanatokea kaskazini, nikanyoosha mkono, nami nilikuwa nanyooshea duka la misumari. Nikasema kwa mikono yangu hii nimetega mamia. Loh, Rhobi! Mtegaji alikuwa kaka yangu Mwita. Yeye ndiye aliyekuwa anasokota tanzi kwa singa za mkia wa ng'ombe, anaamka kabla ya jogoo, miguu yote umande. Mie nilikuwa mlaji.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza sana wiki hizi. Unakumbuka ulipochaguliwa kusomea wanyamapori badala ya uuguzi. Nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba binti yangu atakuwa nesi. Mbele ya wageni, sebuleni, ukiwa umeshika trei ya soda, nikasema, "Nimemsomesha mtoto akahesabu ndege! Ndege anahesabika huyo?" Wakacheka. Uliweka trei mezani bila kelele. Tangu siku hiyo, kwa karibu miaka minne, nilipata kwako shikamoo asubuhi na shikamoo jioni, zote kwa heshima, na katikati hakuna kitu. Mie nikajifanya sioni. Nilikuwa najiambia mtoto akikua ataelewa, wakati aliyetakiwa kukua nilikuwa mie.

Kwa hiyo ulipokuja na daftari, ukavuta kigoda, ukakaa kwenye vumbi hili na sketi yako safi, ukawa unaandika ninayosema, mie darasa la saba, mwanangu wa shahada ya pili ananiandika! Nilitaka usiondoke. Ungeniuliza kama bonde letu lina tembo wanaoruka, ningekwambia tele, na wanatokea kaskazini. Ulikaa saa mbili. Hiyo ndiyo siku niliyokuuza bila kujua.

Halafu ukaniletea andiko lako likiwa limepigwa chapa. Ukurasa wa kumi na moja, majina yangu yote matatu, na mbele yake maneno "mtegaji mzoefu wa ndege". Ukaniambia msimamizi wako amekubali eneo hilo kwa sababu ya ushuhuda wa mtu aliyeishi na ndege hao. Jina langu lilikuwa limewahi kuandikwa kwenye cheti cha ndoa na kwenye leseni ya karakana, kwingine labda kwenye daftari la mtendaji. Nikapiga picha ukurasa ule kwa simu. Nimemwonyesha Shomari, nimemwonyesha mama wa chai, nimewaonyesha wateja waliokuja kuulizia kabati. Mwingine alitaka kujua lini meza yake itakwisha, nikamwonyesha kware.

Kilichoniumbua ni masanduku. Uliniomba nikutengenezee masanduku sita ya kubebea ndege, yenye matundu ya hewa, ukanitajia ndege tu, vipimo hukutaja, ukiamini mtegaji mzoefu anajua. Nikayatengeneza kwa moyo wangu wote. Jumamosi ile ukaja kuyachukua, ukainua kifuniko cha la kwanza, ukacheka ukashika mbavu. "Baba, hizi si nyumba za kuku hizi! Kware anatosha kwenye kiganja." Ukatoa simu, ukanionyesha picha ya ndege ameshikwa mkononi na msichana. Kandege kadogo, koo jeupe lenye alama nyeusi. Ukaniuliza, "Si huyu?"

Nikaangalia. Sijawahi kumwona ndege yule maishani mwangu.

Palepale nilielewa yote. Hata lile nililokwambia kwamba nyama yake tamu ila mtu mmoja hamalizi, nawe ukacheka ukaandika pembeni "anatania", sikuwa natania. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Shomari alikuwa pale na sindano yake anasikiliza. Nikasema, "Ndiyo huyohuyo. Uzee tu, macho yanakuza vitu." Ukanipiga begani kidogo ukasema, "Mzee wangu bwana." Nikachukua msumeno nikakata upya, madogo. Ndiyo hayo yaliyopangwa chini ya kitanda chako. Yamekaa vizuri, viungo vyake havina hata upenyo wa wembe, na muda wote nayapiga msasa nilijua ninachokifanya.

Kesho yake kanisani wakakuombea safari, na mzee wa kanisa akaniita mbele niseme neno. Ningeweza kusema asanteni, nikakaa. Nikasimulia bonde, mtama, ndege wanaondoka wote asubuhi moja. Watu wakapiga makofi. Nilikuangalia, ulikuwa unafuta machozi. Hapo nilitamani sakafu inimeze.

Jumatatu nikampigia Mwita. Kaka yangu huyo hujakaa naye sana, kwa hiyo nikuambie: alibaki. Mie nilipokuja mjini yeye alibaki na wazazi, akawauguza, akawazika, na kila mwaka namwambia nitakuja Krismasi. Nikamuuliza, "Kaka, wale ndege wa kwenye mtama, wale uliokuwa unatega, mtama ukiisha walikuwa wanaenda wapi?"

Akauliza, "Ndege gani?"

"Kwale." Nikalitamka kwa L, nikakaza ulimi kama mama yako.

"Sasa waende wapi? Wanaingia kwenye majani marefu. Wako hapa mpaka leo, jana wamenilia mbegu. Hawajaondoka hao. Aliyeondoka ni wewe."

Akacheka, si kwa ubaya. Nikamuuliza wale wadogo je, wa kuenea kwenye ngumi. Akasema, "Hao hapa kwetu sijawaona. Labda kule mbugani ng'ambo ya mto, watu wa kule wanasema kuna videge vinakuja na mvua. Lakini sijui. Nisikudanganye."

Nilikata simu nikakaa. Nikasema, huyu mtu kalisema "sijui" kama anayetema ganda la karanga. Mie neno hilo limenishinda maisha yote. Baba mwenye nyumba hasemi sijui, fundi hasemi sijui. Mteja akiuliza mbao hii ni mninga kweli, unamjibu kabla hajamaliza. Ukishajibu mara moja inabidi uwe mtu wa jibu hilo, na kesho ulitetee, na keshokutwa uliongeze. Inachosha, mwanangu. Watu wanadhani mie nimechoka kwa randa.

Kuna kitanda sijawahi kukusimulia. Wewe ulikuwa bado mdogo. Alikuja mama mmoja, anamwoza binti yake, anataka kitanda cha haraka. Mbao nilizokuwa nazo zilikuwa mbichi, ukizigusa unasikia ubaridi. Nilijua zitapinda. Ningemwambia mama subiri wiki tatu, au nenda kwa fundi mwingine, angeenda salama. Nikanyamaza, nikapiga rangi nzito, kikang'aa. Wakakipakia kwa vigelegele. Kabla ya miezi miwili kikapasuka, na mama mkwe wa yule binti akasema maneno, unajua maneno ya watu, kwamba bibi harusi kaja na mkosi. Yule mama akarudi hapa. Hakunifokea. Alisema tu, "Fundi, ulijua." Nilimtengenezea kingine, lakini maneno ya mama mkwe sikuweza kuyatengeneza upya.

Nilidhani nimejifunza hapo. Kumbe nilijifunza habari za mbao tu.

Maana wiki hizi tatu, kila nilipotaka kusema, nilijipa sababu. Nikasema, labda kware wapo, Mungu mkubwa. Nikasema, mtoto ni msomi, atagundua mwenyewe. Halafu usiku mmoja mlikuwa mnaangalia taarifa ya habari wewe na mama yako, wanaongelea mvua zisizotabirika, ukasema, "Ndiyo maana huu utafiti ni muhimu, tunaweza kukuta kware waliokuwa wanafika zamani siku hizi hawafiki tena." Ukaniangalia mie, shahidi wako wa zamani. Nikaona kitakachotokea. Utakaa pale msimu mzima kwenye baridi, hutaona kitu, hutamdhania baba yako uongo, utaidhania mvua. Utaandika kwamba kware wametoweka Mara. Wengine watasoma, wataandika juu ya uliyoandika. Watatafuta kilichowaua ndege ambao hawakuwahi kuwepo, na ushahidi wake ni ulimi wa fundi wa Keko. Na ufadhili wako ni wa misimu miwili tu. Mmoja nitakuwa nimeuteketeza mie.

Jana nikamwambia mama yako yote, na kwamba nitakuandikia barua. Nilitegemea atacheka au atafoka. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Sasa unampa hiyo barua lini?" Nikasema nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ataiona akiwa kwenye basi. Akaacha mchele. "Baba Rhobi, ya kwenye basi usimpe. Ataisomea wapi, katikati ya Morogoro na Dodoma, peke yake, hawezi hata kukugombeza? Bora unyamaze kama ulivyozoea." Huyo ndiye mama yako, maneno machache na yote yanaingia.

Kwa hiyo utaipata leo, jioni hii, kabla ya chakula. Msimamizi wako bado atakuwa anapokea simu. Tiketi inaweza kusogezwa. Kama mtaamua uende hivyohivyo, ukaanzie ng'ambo ya mto alikotaja Mwita, au uende kwingine kabisa, au ubadilishe ndege, hilo mie silijui. Nimeliandika. Sijui.

Sitaki kukufundisha kazi yako, nimeshaifundisha vya kutosha. Ila kwa kuwa mie ndiye ugonjwa, dalili zake nazijua. Huko uendako utakutana na wazee kama mie. Usianze kuwatajia jina la ndege. Waache waonyeshe kwa mikono: anaenea kwenye ngumi au unambana kwapani? Muulize alivyompika, walikula wangapi wakashiba. Na mzee akikujibu haraka, tena kwa furaha, uso unang'aa kwa kuwa umemkalia na daftari, huyo mwogope kidogo. Mpende, lakini andika kwa penseli. Mtu anayesema "ngoja kwanza, hilo sina hakika", msogezee kigoda huyo.

Na Mwita utakapomwona, mwamkie kwa niaba yangu pia. Usimpelekee maneno matamu kutoka kwangu, ameshakula mengi. Mwambie baba yake Rhobi amekubali kwamba mtegaji ni yeye.

Ninachokiogopa nitakisema, maana nimechoka kuficha. Siogopi chuo wala msimamizi. Naogopa zile shikamoo mbili. Nilikaa nazo miaka minne, Rhobi, nyumba nzima ina watu na mie nasikia baridi. Ndizo zilizonifanya niseme uongo ili ukae, na sasa ukweli nao unaweza kuzirudisha. Ukizirudisha utakuwa na haki yako. Lakini nakupenda, na nilikucheka mbele ya watu kwa kazi ambayo sasa naiona ni ya mtu mwaminifu kuliko yangu, na msamaha sikuwahi kukuomba. Nakuomba leo, kwa hayo yote mawili, la trei na la kware.

Ukurasa wa kumi na moja, jina langu lifute. Usiandike "inasemekana", usilihamishie mwishoni kwenye shukrani. Lifute kabisa. Kama kanuni zenu zinataka jina la mtu aliyeishi na wale ndege, andika la Mwita, lakini baada ya kumuuliza wewe mwenyewe, ukiwa na picha mkononi.

Nafunga karakana sasa, naja. Barua hii nitakupa mkononi, nitavuta kiti nikae mbele yako mpaka umalize. Mama yako amesema hatatusogelea. Ukifika hapa inua uso, nipo, na useme lolote unalotaka kusema. Leo sitakujibu haraka.

Baba yako